Kutegemea Huduma za Wingu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Vyama, Shule, Zahanati na Biashara Ndogo

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo katibu wa SACCOS, mhasibu wa shule, mganga mfawidhi wa zahanati au mwenye duka la jumla huuliza anapoambiwa kwamba madaftari yake sasa yanaweza kuhamia kwenye wingu. Majibu hayana urefu sawa kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji ajue anasoma maoni ya mtu gani: kwa ofisi nyingi ndogo, wingu ni mahali pazuri pa kufanyia kazi na mahali pabaya pa kuweka nakala ya pekee.

Hilo "wingu" ni nini hasa, na data zetu zinakaa wapi?

Jina linapotosha. Data zako hazielei popote. Zimo kwenye diski za seva zilizopangwa katika makabati, ndani ya jengo lenye viyoyozi, jenereta na walinzi, na jengo hilo lina mwenyewe. Wewe ni mpangaji. Unalipa kodi kila mwezi, au hulipi chochote kwa sababu mwenye nyumba anapata faida yake kwa njia nyingine, na umekabidhiwa ufunguo ambao ni anwani ya barua pepe pamoja na nywila. Ukilishika vizuri wazo hili la upangaji, sehemu kubwa ya majibu yanayofuata utaweza kuyabashiri mwenyewe: nani anakarabati paa, nani anaweza kukufungia mlango, na vyombo vyako utavitoaje siku ya kuhama.

Kuhusu mahali, kwa mtumiaji wa Afrika Mashariki jibu la kawaida ni nje ya nchi. Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google ikafika Johannesburg mwaka 2024, lakini huduma nyingi tunazozitumia kila siku bado zinaendeshwa kutoka Ulaya na Marekani. Vituo vya ndani vipo, kama kile cha taifa kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, na kile cha Konza nchini Kenya. Wala jambo hili la data kukaa ughaibuni si geni kwetu: M-Pesa ya Kenya, ambayo watu waliizoea kama mfuko wa shati, ilihudumiwa kwa miaka kadhaa na seva zilizokuwa Ujerumani hadi mwaka 2015 zilipohamishiwa nyumbani.

Je, hatuko salama zaidi tukibaki na kompyuta yetu ya ofisini?

Kwa kawaida hapana, na ni vizuri kulisema hili waziwazi kabla ya kuanza kulilaumu wingu. Zihesabu hatari zilizomo ndani ya ofisi yenyewe. Kompyuta huibwa. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, huchoma kilichokuwa kimechomekwa. Flashi inayozunguka kutoka ofisi hadi duka la kuchapisha huleta virusi vinavyoficha au kufunga mafaili yote. Paa huvuja wakati wa masika, na diski kuu ikishachoka hufa bila kuaga. Karibu kila mtu aliyefanya kazi ya ofisi anamfahamu mtu aliyepoteza kazi ya miaka kwa mojawapo ya njia hizi, ilhali ni wachache wanaomfahamu mtu ambaye kampuni kubwa ya wingu ilimpotezea faili kwa sababu diski yake iliharibika.

Kampuni hizo hupata ufanisi huo kwa kuweka kila faili katika diski nyingi na katika majengo zaidi ya moja. Amazon inaeleza kwamba hifadhi yake iitwayo S3, iliyoanza mwaka 2006, imebuniwa kwa uimara wa asilimia 99.999999999 kwa mwaka, kiwango ambacho hakuna shule wala duka linaloweza kukikaribia kwa kununua diski ya nje. Ongeza urahisi wa kazi: mhasibu aliyepo Dodoma na mkaguzi aliyepo Mwanza wanafungua jedwali lile lile, nalo linakuwa moja, badala ya mafaili manne yaliyosambazwa kwa barua pepe, kila moja likiitwa "Mapato ya mwisho kabisa".

Tahadhari moja tu hapa. Uimara maana yake ni kwamba faili halitapotea kwa kuharibika kwa vifaa. Haimaanishi kwamba utaweza kulifungua leo saa nne asubuhi, wala kwamba halitafutwa na mtu mwenye ufunguo. Matangazo ya biashara hupenda kuyachanganya mambo haya matatu.

Basi, kama faili liko kwenye wingu, si tayari lina nakala rudufu?

Hili ndilo swali lenye madhara makubwa kuliko yote, kwa sababu jibu ambalo watu wengi wamelibeba kichwani si sahihi, na kosa lake halionekani hadi siku ya msiba.

Huduma kama Google Drive, OneDrive na Dropbox kazi yake ya msingi ni kulandanisha, yaani kuhakikisha kwamba kilichopo kwenye kompyuta yako ndicho kilichopo kwenye seva na kwenye simu yako. Sasa fikiria karani amefuta folda ya wanachama kwa bahati mbaya. Mfumo utafanya kazi yake kwa uaminifu kamili: utaifuta kila mahali. Kirusi kikiyafunga mafaili yote kwenye kompyuta ya mhasibu, yaliyofungwa ndiyo yatakayopandishwa juu kuchukua nafasi ya yale mazima. Ni kweli kwamba huduma nyingi huweka pipa la taka na matoleo ya awali ya faili, lakini vyote viwili vina ukomo wa muda, na kwa huduma nyingi za kawaida ukomo huo huwa ni siku 30 hivi. Kosa lililofanyika Januari na kugunduliwa wakati wa ukaguzi wa Juni liko nje ya ukomo huo.

Nakala rudufu ni kitu kingine. Ni nakala iliyotengwa, isiyobadilika kila asili inapobadilika, na iliyowekwa mahali ambapo tukio lililoiharibu asili haliwezi kuifikia. Neno "tukio" hapo lichukuliwe kwa upana wake wote: moto, mwizi, karani, kirusi, na hata mtoa huduma mwenyewe.

Moto ulijidhihirisha Strasbourg, Ufaransa, usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, jengo moja la kampuni ya OVHcloud lilipoteketea lote na la jirani likaungua sehemu. Maelfu ya tovuti zilizimika. Waliokuwa na nakala katika mji mwingine walirudi kazini. Baadhi ya wengine waligundua kwamba hata nakala rudufu walizokuwa wakizilipia zilikuwa zimewekwa pale pale palipoungua, na wakaishia mahakamani. Mchezo wa kompyuta wa Rust ulipoteza moja kwa moja data za seva zake za Ulaya.

Mtoa huduma mwenyewe alijidhihirisha Mei 2024. UniSuper ni mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, na mifumo yake ilikuwa ndani ya Google Cloud, ikiwa imerudufiwa katika maeneo mawili tofauti kama wataalamu wanavyoshauri. Hapo nyuma, wakati wa kuiandaa huduma hiyo, kuna sehemu ya mpangilio iliyoachwa wazi upande wa Google. Mfumo ukaitafsiri kuwa mkataba wa muda maalumu, na muda huo ulipoisha ukaifuta huduma hiyo kiotomatiki, katika maeneo yote mawili kwa pamoja. Wanachama walikaa zaidi ya wiki moja bila kuweza kuona akaunti zao. Fedha hazikupotea, na huduma ilirudi, kwa sababu mfuko ulikuwa na nakala zilizotunzwa kando, zikiwemo zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine kabisa. Ukisoma kisa hiki kwa makini utaona kwamba maeneo mawili ya mwenye nyumba mmoja yalihesabika kuwa mahali pamoja.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi nalo linahitaji daftari la pili.

Kampuni kubwa kama hizo zinaweza kweli kuzimika?

Zinazimika, na mara nyingi kwa sababu ndogo. Tarehe 28 Februari 2017 mhandisi wa Amazon aliyekuwa akishughulikia kasoro katika mfumo wa kukokotoa ankara alikusudia kuzima seva chache. Akakosea kuandika amri na kuzima nyingi kuliko alivyokusudia. Hifadhi ya S3 katika eneo la Virginia ya kaskazini, Marekani, ikasimama kwa takriban saa nne, na pamoja nayo tovuti nyingi mno. Jambo linalonichekesha hadi leo ni kwamba ukurasa wa Amazon wa kuwajulisha wateja kuhusu hitilafu nao ulikuwa unategemea S3, hivyo kwa muda uliendelea kuonyesha kwamba mambo ni shwari. Eneo hilo hilo la Virginia lilipata hitilafu nyingine kubwa tarehe 20 Oktoba 2025, safari hii kutokana na kasoro katika mfumo wa kiotomatiki unaopanga anwani za hifadhidata yake, na huduma nyingi duniani zikayumba kwa saa nyingi.

Soma pia mkataba. Ahadi ya upatikanaji wa asilimia 99.9 inasikika kama ukamilifu, lakini inaruhusu dakika 43 hivi za kuzimika kila mwezi, au karibu saa tisa kwa mwaka, bila mtoa huduma kuvunja ahadi. Akiivunja, fidia kwa kawaida ni punguzo kwenye ankara inayofuata. Hakuna atakayekulipa mauzo uliyoyakosa siku ya sikukuu.

Intaneti ikikatika tutafanyaje?

Kwa wasomaji wa ukanda wetu swali hili lina uzito kuliko lile la mitambo ya Virginia, kwa sababu wingu linaweza kuwa zima kabisa huku njia ya kulifikia ikiwa imekatika.

Sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya kimataifa hupita katika mikongo michache iliyolazwa baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika kwenye bahari ya Afrika Kusini, na kwa siku kadhaa watumiaji wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine walipata intaneti ya kusuasua au wakakosa kabisa. Kuna pia kukatika kunakotokana na amri. Uganda ilizima intaneti kwa takriban siku tano wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na nchini Tanzania mtandao ulizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025. Msimamo wa mtu kuhusu siasa za jambo hilo ni wake. Kwa mhasibu anayepaswa kulipa mishahara mwisho wa mwezi, ni ukweli wa kupanga nao kama anavyopanga na masika.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua programu yoyote ya duka, zahanati au chama, mwulize muuzaji swali moja: kifaa kikiwa hakina mtandao kwa siku tatu, kazi gani zitaendelea? Programu nzuri huandika mauzo kwenye kifaa na kuyapandisha mtandao unaporudi. Nyingine huonyesha ukurasa mweupe. Zahanati haipaswi kuwa na mfumo wa aina ya pili kwa kumbukumbu za wagonjwa hata kama ni wa bure, na ninapendekeza kila kaunta ibaki na kitabu cha risiti cha karatasi chenye namba zinazofuatana, kilichowekwa mahali panapojulikana. Laini mbili za kampuni tofauti husaidia hitilafu ikiwa ya kampuni moja. Hazisaidii mkongo ukikatika baharini.

Akaunti iwe ya nani?

Iwe ya taasisi. Jibu ni fupi, lakini kulitekeleza ndiko kunakoshinda wengi.

Shule moja niliyowahi kuisaidia ilikuwa na rekodi za ada za miaka sita kwenye akaunti iliyofunguliwa na mhasibu kwa jina lake mwenyewe na kwa laini yake ya simu. Alipoacha kazi hakuwa na nia mbaya. Alikabidhi nywila kwa maandishi mbele ya mwalimu mkuu. Ila mfumo, ulipoona mtu anaingia kutoka kompyuta mpya, ulituma namba ya uthibitisho kwenye ile laini, na laini ilikuwa imefungwa kwa kutotumika, kisha ikauzwa upya kwa mtu mwingine wa mkoa mwingine. Tulimpigia. Alidhani sisi ni matapeli, na kwa kweli simlaumu. Rekodi hizo ziliishia kuandikwa upya kutoka kwenye stakabadhi za benki na za wazazi, kazi iliyochukua likizo nzima.

Utaratibu unaofaa ni huu. Taasisi iwe na jina lake la mtandao (domeni) na anwani za barua pepe za vyeo, si za watu. Wawepo wasimamizi wawili, kila mmoja akiwa na nywila yake, ili mmoja akiugua au akiondoka mwingine abaki. Uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe kwa wote, na ni bora utumie programu ya namba za uthibitisho au ufunguo wa kuchomeka kuliko ujumbe mfupi wa simu. Namba za dharura ambazo mfumo hutoa siku ya kuwasha ulinzi huo zichapishwe na kufungiwa kwenye kasha la fedha pamoja na muhuri.

Umuhimu wa ufunguo unaonekana katika kisa cha Code Spaces, kampuni iliyokuwa ikihifadhi kazi za watunzi wa programu ndani ya Amazon. Juni 2014 mhalifu aliingia kwenye paneli yao ya usimamizi akadai fedha. Walipojaribu kubadilisha nywila, kumbe alikwisha kujitengenezea milango mingine, akaanza kufuta. Mafaili, mashine na nakala rudufu nyingi vilikuwa chini ya paneli ile ile moja. Ndani ya saa 12 hivi kampuni haikuwa na cha kuendeleza, ikafunga.

Ufunguo unaweza pia kunyang'anywa na mwenye nyumba. Mwaka 2022 gazeti la New York Times liliripoti kisa cha baba mmoja wa Marekani aliyempiga mwanawe picha kwa ajili ya daktari. Mfumo wa kiotomatiki wa Google uliitafsiri vibaya, akaunti ikafungwa, naye akapoteza barua pepe, picha na hata namba yake ya simu. Polisi walichunguza wakamwona hana hatia, lakini akaunti haikurudi. Ofisi ndogo haiwezi kushindana na uamuzi wa namna hiyo, ila inaweza kujipanga ili uamuzi huo usiwe mwisho wa kumbukumbu zake.

Nani anaweza kuzisoma data zetu?

Kwa huduma nyingi za kawaida, data husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, zikiwa njiani na zikiwa kwenye diski, lakini mtoa huduma ndiye mwenye funguo za usimbaji huo, hivyo kiufundi anaweza kuzifungua, na mahakama inaweza kumwamuru azifungue. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iitwayo CLOUD Act inaziwezesha mamlaka za huko kudai data zilizo mikononi mwa kampuni za Marekani hata zikiwa zimehifadhiwa nje ya nchi hiyo. Kwa orodha ya vifaa vya darasani hili si jambo la kukunyima usingizi. Kwa majalada ya wagonjwa, wateja wa wakili au watu wanaokimbia ukatili, ni la kuzingatiwa, na dawa yake ni kusimba mafaili kwenye kompyuta yako kabla ya kuyapandisha, kwa programu kama Cryptomator. Gharama ya dawa hiyo ni kwamba ukiisahau nywila, hakuna wa kumwomba msaada.

Hata hivyo, data nyingi zinazovuja kutoka kwenye wingu huvuja kwa mlango ulioachwa wazi na mpangaji. Benki ya Capital One ya Marekani ilipoteza taarifa za watu wapatao milioni 106 mwaka 2019 kwa sababu ya kinga ya mtandao iliyopangwa vibaya. Huku kwetu mlango wazi huwa na sura nyepesi zaidi: jedwali la wanachama, lenye namba za vitambulisho na mizania ya mikopo, lililowekewa ruhusa ya "yeyote mwenye kiungo", na kiungo chenyewe kimesambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Sheria zetu zinaruhusu kuweka data za watu nje ya nchi?

Zinaruhusu kwa masharti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mkusanyaji na mchakataji wa taarifa wanatakiwa kujisajili, na usafirishaji wa taarifa nje ya nchi umewekewa masharti. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, inayosimamiwa na Kamishna wa Data, na Uganda nayo ina ya mwaka huo huo. Rwanda imekaza zaidi: sheria yake ya mwaka 2021 inataka taarifa binafsi zihifadhiwe ndani ya nchi isipokuwa kwa kibali. Jambo la kukumbuka ni kwamba kuikabidhi kazi kampuni ya wingu hakukuondolei wajibu. Taarifa za mwanachama zikivuja, atakayeulizwa kwanza ni chama alichokiamini.

Gharama zake zikoje?

Mwanzo ni nafuu, na hapo ndipo mtego ulipo, ingawa si kila mwenye kutega ana nia mbaya. Bei nyingi ni za dola. Ankara ya dola 100 ilimgharimu Mkenya takriban shilingi 16,000 mnamo Januari 2024, na kufikia katikati ya mwaka huo ikawa imeshuka hadi 13,000 hivi, ilhali huduma ni ile ile. Bajeti ya shule haina nafasi ya kupanda na kushuka namna hiyo. Pili, kuingiza data mara nyingi ni bure na kuzitoa kunalipiwa. Amazon, kwa mfano, hutoza takriban senti 9 za dola kwa kila gigabaiti inayotoka katika vituo vyake vya Marekani baada ya gigabaiti 100 za bure kwa mwezi. Tangu mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft zimetangaza kuwasamehe ada hiyo wateja wanaohama moja kwa moja, kwa masharti. Tatu, kadi ya malipo ikiisha muda na barua za onyo zikienda kwenye anwani isiyosomwa, huduma husitishwa, kisha data hufutwa.

Huduma yenyewe ikifungwa au ikibadilisha masharti?

Hutokea. Septemba 2013 kampuni ya hifadhi ya Nirvanix iliwapa wateja wake wiki mbili hivi za kuondoa kila walichoweka. Google Photos iliacha kuhifadhi picha bila kikomo tarehe 1 Juni 2021 na kuwarudisha watu kwenye gigabaiti 15 zinazogawanywa na barua pepe, na tangu Desemba 2023 Google hufuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka miwili. Kinga yake ni kutoa nakala kila mwezi katika muundo ambao programu nyingine zinaweza kuusoma, mathalani jedwali la kawaida au PDF. Ikiwa programu haina kitufe cha kutoa data zote, usiinunue.

Sisi tunatumia WhatsApp tu. Haya yanatuhusu?

Yanawahusu pengine kuliko wengine. Picha za stakabadhi, mihtasari ya vikao na makubaliano ya mkopo yaliyomo kwenye simu ya katibu yapo kwenye wingu tayari, kwa kuwa nakala za WhatsApp huenda Google Drive au iCloud, na kwa watumiaji wa Android sasa zinahesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15. Washeni usimbaji wa nakala hizo, uliopo tangu mwaka 2021, na nyaraka muhimu zihamishiwe kwenye folda ya taasisi wiki hiyo hiyo zinapopokelewa.

Mbona baadhi ya kampuni zinarudi kwenye seva zao wenyewe? Nasi tununue?

Dropbox ilihamisha sehemu kubwa ya data zake kutoka Amazon na kuokoa karibu dola milioni 75 katika miaka miwili. Kampuni ya programu ya 37signals, iliyotumia dola milioni 3.2 kwa wingu mwaka 2022, nayo iliamua kuondoka. Wote wawili walikuwa na wahandisi wao na ankara kubwa ya kuikimbia. Chama chenye kompyuta nne hakina hata kimoja. Seva ya ofisini inahitaji umeme usiokatika, ubaridi, ulinzi na mtu wa kuisasisha usiku wa Jumapili. Mtu huyo akipata kazi kwingine, mmebaki na boksi linalonguruma. Kwa wengi wenu, diski mbili za nje za bei ya kawaida zitatosha kuwa upande wa pili wa mizani.

Tuanze wapi, na tutajuaje kwamba mpango wetu unafanya kazi?

Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh bado ndiyo rahisi kukumbuka: nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa ofisi ndogo hiyo inaweza kuwa mafaili ya kazi yaliyopo kwenye kompyuta na kwenye wingu, pamoja na diski ya nje inayochomekwa Ijumaa kwa saa moja, kisha ikachomolewa na kupelekwa mahali pengine. Kuchomoa ni sehemu ya ulinzi. Diski inayobaki imechomekwa wiki nzima itaambukizwa na kuungua pamoja na kompyuta. Diski mbili zikipokezana ni bora, na zote zisimbwe, kwa sababu zitasafiri kwenye mikoba na daladala.

Kuhusu kujua kama mpango unafanya kazi, hakuna njia nyingine ila kurejesha. Mara moja kila robo mwaka, chagueni faili ambalo halikuguswa siku za karibuni, tuseme rejesta ya mikopo ya mwaka juzi, na mwambieni mtu ambaye si yule anayeshughulikia mfumo kila siku alirejeshe kwenye kompyuta ngeni, akitumia maelekezo yaliyoandikwa tu. Andikeni amechukua muda gani na amekwama wapi. Mara ya kwanza karibu kila ofisi hukwama: nywila ya diski anaijua mtu mmoja aliyepo safarini, au nakala iliacha kuchukuliwa tangu Machi na hakuna aliyeona. Zoezi hilo lifanyike asubuhi ya Jumamosi, ruta ya ofisi ikiwa imezimwa kwa makusudi.